Ramani ya Milima Mikavu

Cheka ukitaka. Mimi sikulewa wala sikuota, na duka langu la fotokopi liko hapa Manyatta, njoo uniulize usoni.

Ndugu yangu Ouma, dereva wa lori la kuchimba visima, alikuwa amepotea kaskazini, kwenye milima ya jangwa. Wiki tatu! Lori lilipatikana, yeye hakuna. Baba akasema inatosha, Jumamosi tutazika yago, lile tunda refu ambalo sisi Wajaluo tunalizika badala ya mtu ambaye maiti yake haikuonekana.

Alhamisi jioni, mvua ikimwagika, akaingia mwanamume wa makamo. Barabarani matope tupu, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu, vimejaa vumbi jeupe. Akaomba maji. Akamaliza jagi zima, akaomba lingine.

Akatandaza mezani ramani kuukuu ya wakati wa mkoloni, milima na mabonde makavu matupu.

"Mimi nilibeba mnyororo wa kupimia ardhi hapa, ramani hii ilipochorwa," akasema.

Yawa! Mtu wa miaka arobaini? Akaweka kidole kwenye alama ndogo ya bluu katikati ya miamba.

"Hapa kuna maji. Ndugu yako yuko hapa."

Nani alimwambia nina ndugu? Kabla sijafungua mdomo stima ikapotea. Iliporudi, mgeni hayupo, ramani ipo.

Nikakimbia nayo kwa Baba. Akaisogeza karibu na taa.

"Nyara, binti yangu, huyo ni mzimu," akaniambia. "Ametuonyesha Ouma alipofia."

Nikajibu, "Ndiyo, Baba." Mjinga mimi! Mtu aliyekufa ana haja gani na maji?

Jumamosi tukazika yago. Tukalia, tukala, wageni wakaenda zao. Jumatatu ndipo nikapeleka ramani polisi, eti wakatuletee mifupa.

Jumatano walimkuta palepale, kando ya kidimbwi, mguu umevunjika. Daktari alisema alikufa jana yake.

Hesabu mwenyewe. Tulipokuwa tukimwimbia nyimbo za mazishi, Ouma alikuwa anakunywa maji yale na kutusubiri.

Sasa boma letu lina makaburi mawili ya mtu mmoja. Baba hapiti upande ule. Mimi napita kila asubuhi, naomba msamaha, na sijui kama nasikika.

Kwa hiyo sikia, wewe uliyepotelewa na mtu. Akija yeyote, awe binadamu au jini, akikuambia mtu wako yuko mahali fulani, usikimbilie kwa wazee kuuliza maana yake. Panda pikipiki uende usiku huohuo. Kulia utalia ukishafika.