Mikono Isiyokwaruza Satini

Kwenye chumba chetu cha kushonea magauni ya harusi, hakuna aliyegusa kitambaa cheupe kabla ya kupima mikono. Kipimo chenyewe kilikuwa kipande cha satini kilichofungwa kwenye mguu wa meza. Unanawa, unajikausha, unakipitishia kiganja. Kikiteleza, kaa kwenye cherehani yako. Kikinasa, hata kidogo, nenda kashone mapazia. Sheria hiyo aliiweka fundi wetu mkuu, tuliyemwita Bi Satini, na hakuwa na masihara nayo. Mimi mshona shanga alinipeleka kwenye mapazia mara nyingi, nikamnunia mpaka nikachoka kununa.

Kwa hiyo siku mkono wake mwenyewe uliponasa, niliinamia shanga zangu nikajifanya sikuona.

Alikuwa ameshaingia kwenye ule umri ambao mwili wa mwanamke huanza kubania mafuta yake. Ngozi ya mikono ilikuwa imekonda kama karatasi ya kukatia mitindo, na ncha za vidole zilipasuka kila zilipogusa maji baridi. Haikupita muda akavuta uzi kwenye gauni la watu, kifuani kabisa, mahali ambapo kila jicho huangalia. Tukapaziba kwa ua la kitambaa. Bibi harusi akatushukuru kwa kumwongezea pambo, mimi nikacheka, Bi Satini hakucheka. Tangu siku hiyo alianza kukaa na mikono mapajani kama mgeni.

Alijaribu mafuta ya kila aina, lakini mafuta na satini ni maadui. Doa moja tu na gauni limekwenda. Mwishowe muuza duka la dawa akampa krimu yenye homoni ya kike, ile ambayo mwili hupunguza kuitengeneza hedhi ikikoma. Alimwambia apake kidogo sana, sehemu inayofunikwa na nguo, aiache ikauke, na watoto wasiiguse. Bi Satini aliitikia vizuri. Kisha akaenda kuipaka kama anavyojua yeye: viganja, mikono hadi viwikoni, shingo, na hata uso, kwa kuwa krimu ilikuwepo.

Sitasema haikufanya kazi, nitakuwa mwongo. Baada ya miezi michache ngozi yake ilijaa na kushika unyevu. Ile mikunjo midogo ya pembeni mwa mdomo ikalegea. Kipande cha mezani kikawa kinateleza chini ya kiganja chake bila hata kelele.

"Kuna mtu ameleta posa nini?" nikamuuliza. "Maana hayo mashavu si ya bure."

"Mume wa nini, mdogo wangu? Wanaume wanakwaruza kuliko mikono yangu ya zamani."

Alikuwa na furaha, na mimi nilifurahi naye. Nilimwonea wivu kidogo pia.

Jambo moja alilipanga kwa akili zake zote: krimu isikutane na kitambaa. Asubuhi hakuipaka kabisa. Aliipaka mchana, akishaweka mkasi chini na kufunika magauni kwa shuka, ili jioni akirudi kwenye cherehani mikono iwe imeshaoshwa. Na mchana huohuo ndio wakati aliomlaza mjukuu wake.

Mjukuu huyu tulimwita Kifungo, kwa sababu aliwahi kumeza kimoja akatuhangaisha siku nzima. Mama yake, binti wa pekee wa Bi Satini, alikuwa anakata tiketi kwenye ofisi ya mabasi, na alimwacha kwetu tangu akiwa wa kubebwa. Mtoto hakukubali mto. Alilala juu ya mkono wa bibi yake, kifua wazi kwa sababu ya joto, na kabla ya kusinzia aliupitisha mkono ule shavuni, shingoni, tumboni. "Mkono wa Bibi laini," alikuwa akisema. Bi Satini aliniangalia kwa majivuno kama aliyeshinda mashindano.

Aliyegundua tatizo ni Bi Satini mwenyewe. Alikuwa anampima Kifungo gauni la kusindikiza bibi harusi, na utepe ulipozunguka kifuani mtoto akaruka.

"Bibi, inauma."

Akamvua fulana. Pande zote mbili za kifua zilikuwa zimevimba, kama za msichana anayeanza kukua. Mtoto hata shule ya chekechea alikuwa hajamaliza. Bi Satini alimvalisha tena fulana polepole, akauviringisha utepe, akauviringisha tena. Niliona uso wake umebadilika, nikadhani ni hofu ya bibi yeyote.

Binti yake aliposikia alichanganyikiwa. Majirani walisema ni kuku wa kisasa, akatupa kuku wote waliokuwa kwenye friji. Mwingine akasema ni sabuni. Kisha akaanza kujilaumu mwenyewe kwa vidonge alivyomeza akiwa mjamzito, akawa analia kazini huku watu wamepanga foleni mbele yake.

Hospitali walikwenda watatu. Daktari, mama mmoja mpole, alimpima mtoto kisha akauliza, "Nyumbani kuna mtu anayetumia dawa ya homoni? Vidonge, jeli, krimu ya kupaka?"

"Hakuna," binti akajibu.

Bi Satini alikuwa amekaa palepale, amevaa gauni la mikono mirefu. Hakufungua mdomo.

Basi vipimo vikaandikwa. Damu kwanza, kisha picha ya mifupa ya mkono, na kama majibu hayataeleweka, picha ya kichwa, kuona kama kuna uvimbe unaoamsha mwili wa mtoto kabla ya wakati. Kwenye chumba cha damu Kifungo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nesi akasema, "Bibi, mshike vizuri huo mkono." Akamshika. Aliniambia baadaye kwamba vidole vyake vilikuwa laini kiasi kwamba mtoto alikuwa akichopoka, na kwamba hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke immeze.

Hayo alinieleza tukiwa wawili, cherehani zimezimwa. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikaweka sindano chini.

"Dada, mtoto anakwenda kupigwa picha ya kichwa, mama yake anafikiri ana uvimbe kwenye ubongo, na wewe unayo dawa ya hofu yote hiyo mdomoni?"

"Akijua, atamchukua. Sitamwona tena."

"Na hiyo krimu?"

Akaviangalia viganja vyake. Nilielewa. Bila krimu, mikono ingerudi kunasa, na yeye hakujua kuwa mtu mwingine zaidi ya Bi Satini. Nilimwonea huruma, lakini huruma yangu haikuwa ndefu siku ile. Nikamwambia ama aseme mwenyewe, ama nitakwenda mimi ofisi ya mabasi nikaseme dirishani, foleni yote isikie.

Akaenda. Alimkuta binti yake anamfunga Kifungo viatu, tayari kwa safari ya picha ya kichwa. Akakiweka kichupa cha krimu mezani, akasema ni hiki, ni mimi, nilikuwepo daktari alipouliza na nikanyamaza. Hakujitetea. Wakabeba kile kichupa mpaka hospitali, na daktari alipokiona akashusha pumzi, akaiahirisha ile picha. Akawaeleza kwamba dawa ya namna hii huhama kutoka ngozi kwenda ngozi, na ya mtoto huinywa upesi. Ikiachwa kabisa, kifua kitarudi chenyewe taratibu, watamfuatilia.

Njia nzima ya kurudi binti alimpakata Kifungo mwenyewe. Walipofika mlangoni ndipo akamgeukia mama yake.

"Kitambaa ulikilinda, Mama."

Basi. Bi Satini alinirudia na sentensi hiyo asubuhi yake, na kwa wiki nyingi hakuwa na nyingine. Alikuwa akifika katikati ya pindo, anaacha kukanyaga cherehani, anasema, "Kweli, kitambaa nilikilinda." Nilijaribu kumwambia hakujua. Alinijibu kwamba alijua: aliambiwa watoto wasiguse, na alijua siku ya utepe, na alijua pale kwa daktari.

Krimu aliimwaga. Ngozi ikakonda tena, vidole vikapasuka, na siku kipande cha mezani kiliponasa aliinuka mwenyewe akahamia kwenye mapazia. Hakuna aliyemtuma. Magauni meupe akaniachia mimi, na alipokagua kazi yangu alisimama mbali, mikono nyuma.

Kifungo alikuwa anashinda kwa jirani wa mama yake. Kifua chake kilirudi kama daktari alivyosema. Kisha asubuhi moja binti akatokea mlangoni kwetu, mtoto kamshika sketi. Binti alikuwa amevaa kilemba cha satini. Akasalimia, akaitikiwa, akabaki amesimama. Halafu akakivua kilemba.

"Mama, lete mkono."

Bi Satini akanyoosha mkono kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Binti akakipitisha kile kilemba juu ya kiganja, polepole, mpaka kwenye ncha za vidole. Kikanasa. Uzi mmoja ukavutika ukabaki umening'inia. Akakipitisha na kwenye mkono wa pili, nako kikanasa. Aliutazama ule uzi kwa muda, kisha akamwachia mtoto.

"Haya, nenda kwa Bibi."

Kifungo akakimbia na mikono juu. Bi Satini akarudi nyuma mpaka ukutani. "Ngoja, mjukuu wangu, ngoja kwanza," akasema, akaenda kwenye beseni, akapandisha mikono ya gauni. Alinawa viganja, akanawa mpaka viwikoni, akamwaga maji, akaanza upya.