Barabara za Kulipia Tu

Pilipili hoho zikishaiva, jirani yangu hutandaza ramani ya Ulaya juu ya boneti ya gari, kila pembe akaiwekea hoho isipeperuke. Yeye na mkewe, Stoyanka, huendesha kutoka kwetu Bulgaria hadi Uhispania, kwa binti yao. Gari lilinunuliwa Uingereza, usukani uko kulia. Vibanda vya ushuru wa barabara viko kushoto, anakokaa mke. Na mke hamsemeshi tangu mumewe auze shamba la mizabibu la ukweni bila kumuuliza. Kidole kinene cha jirani, chenye grisi kwenye ukucha, hupita Serbia, Kroatia, Italia, Ufaransa, kikifuata barabara za kulipia tu, hata penye njia ya bure iliyo fupi.

Juzi nikamwambia, "Jirani, unajitesa bure. Siku hizi kuna kidude unabandika kwenye kioo, kizuizi kinafunguka chenyewe."

Kidole kikaganda. Akatupia jicho dirisha la jikoni. "Shusha sauti wewe, atakusikia! Pale kibandani lazima anigeukie, aseme, 'Lete hela.'" Akakisogeza kidole hadi Ufaransa, akapagusa mahali fulani taratibu. "Mwaka jana, hapa, aliongeza, 'mjinga wewe.'"