Mkokoteni wa Kwenda Ludara

Vumbi la mvule huwasha koo kabla pua haijatambua harufu yake, na mimi nilikohoa kiangazi kile kizima. Ilikuwa nyumbani kwetu Koboko, miezi ile ya kuchoma nyasi, jua linapozama jekundu kwa moshi na majivu yanaangukia nguo zilizoanikwa. Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu alikuwa seremala, lakini kazi iliyokuwa uani siku zile haikuwa ya mteja. Alikuwa anaufufua mkokoteni wetu wa mbao, uliolala nyuma ya jiko tangu turudi kutoka ukimbizini Sudan. Ulikuwa na magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi la lori, na mipini miwili ya kusukumia. Sakafu yake mchwa walikuwa wameila hivi kwamba ukiigusa inamwagika unga.

Aliyeutaka mkokoteni ni mama yake Baba. Tulimwita Habuba, kama Waislamu wengi wa kwetu wanavyomwita bibi. Nyonga zilikuwa zimemkatalia, hawezi kutembea wala kukaa juu ya baiskeli, na magari ya kwenda Ludara yalikuwa ya kubahatisha. Huko Ludara aliishi mdogo wake, Hawa, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu siku ya kukimbia. Siku hiyo serikali ilikuwa imepinduliwa na jeshi lake limevunjika, na Baba, askari kijana, alivua sare akaitupa chooni, akampandisha mama yake kwenye mkokoteni huu. Hawa alituma ujumbe asubiriwe, ana mtoto mgonjwa. Hawakusubiri. Hawa akabeba mtoto mgongoni kwa miguu hadi Kaya, ng'ambo ya mpaka wa Sudan, na mtoto akafia njiani. Habuba sasa alikuwa anajiona anakwisha, na alitaka jambo moja tu, kuomba msamaha uso kwa uso kabla mmoja wao hajazikwa.

Basi Baba akaanza. Alileta mbao mbichi kutoka kwa wapasuaji, akazipanga kivulini zikauke, akitenganisha kila moja na vijiti ili upepo upite. Wiki tatu zikaenda hivyo. Akazipiga randa, akazirudia tena. Mimi nilipewa majani ya msasa, yale makali kama ulimi wa ng'ombe, nisugue kila ubao mpaka ung'ae. Nilisugua mpaka ncha za vidole zikawa laini hazina alama. Baba akipitisha kiganja alisema neno moja tu, "Bado," na mimi narudi kusugua. Nilijivuna sana. Nilidhani hakuna mtu duniani anayejua kazi kama baba yangu.

Habuba alikuwa akitutazama kutoka mkekani, na subira haikuwa tabia yake.

"Wewe, mkokoteni iko na sakafu, iko na magurudumu. Nipeleke hivi hivi."

"Mama, ubao iko mbichi kidogo. Itapinda njiani."

"Mimi nakwenda kuona Hawa ama nakwenda kuonyesha yeye ubao?"

Baba alirudi kwenye randa yake. Siku iliyofuata alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kaya, akarudi na rangi ya buluu. Rangi, kwa mkokoteni! Mama yangu alimwangalia, akaingia jikoni. Baba akapaka mkono wa kwanza wa rangi, ukakauka. Akang'oa magurudumu, akauweka mkokoteni juu ya mawe, akapaka mkono wa pili.

Asubuhi yake mtu wa baiskeli akaja kutoka Ludara. Hawa amefariki alfajiri.

Sijawahi kuona mtu akifunga gurudumu kwa haraka namna ile. Mikono yake, niliyoiamini kuliko kitu chochote, ilikuwa inadondosha misumari. Tulimpandisha Habuba rangi ikiwa mbichi. Baba akasukuma, mimi na Mama tukakimbia pembeni. Tulifika alasiri. Walikuwa wamekwisha kuzika. Tulipomshusha, gauni lake lote kwa nyuma lilikuwa la buluu. Mtoto mkubwa wa Hawa alikuja kutusalimia kwa mkono, mpole kabisa, na hilo ndilo lililoumiza.

"Mama alisikia sokoni mnatengeneza mkokoteni," alisema. "Mwezi mzima kila asubuhi anasema, tandika mkeka mzuri, dada yangu anakuja leo."

Baba alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Ndipo akamwambia mama yake, mbele ya watu wote, kwamba mbao zilikuwa tayari zamani. Ni yeye, Baba, aliyekuwa ameshika mipini siku ile ya kukimbia, ni yeye aliyesema twende, na alikuwa anaogopa macho ya mama yake mdogo, Hawa. Habuba alisema, "Mimi najua. Mimi pia naogopa." Alifariki kabla ya mvua za kwanza.

Leo ninaishi Arua. Lami inafika hadi Oraba mpakani, na kutoka Koboko boda inakufikisha Ludara kabla hujamaliza kuzungumza kwenye simu. Baba bado ni seremala, mzee sasa, na jina lake si zuri. Watu wa mjini na wakimbizi wa Sudan Kusini wanaoagiza vitanda kwake hulalamika kwangu: migongo ya viti haijapigwa msasa, meza zinatoka bila vanishi, milango ina vibanzi. Wananiomba nimkanye mzee amalize kazi. Mimi huwaomba radhi, nakunywa chai yao, na simkanyi. Mwezi uliopita nilimkuta anamkabidhi mama mmoja kitanda cha mtoto, upande mmoja haujaguswa na randa kabisa. Mama yule aliomba arudi kesho, kimaliziwe.

"Hapana," Baba alimwambia, akiinua kitanda mwenyewe kukipakia. "Mtoto iko leo."