Sauti Yangu Ilibaki Beni

Wakati ule waasi walikuwa wameshika mji wetu wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, soprano, sauti ya juu, katika kwaya ya parokia yetu. Aliyetufundisha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mkali. Sote tulimwita Maître, yaani mwalimu kwa Kifaransa. Miezi mitatu kabla ya Pasaka alinichagua niimbe peke yangu siku hiyo.

Alinifundisha vizuri, sitaki kumdhulumu. Kila siku baada ya masomo alinilaza chali sakafuni, katekisimu juu ya tumbo, nivute pumzi mpaka kitabu kiinuke huku mabega yametulia. Kisha nitoe hewa polepole, sss, yeye akihesabu. Nilianzia kumi na mbili, nikafika arobaini. Halafu ma-me-mi-mo-mu, tukipanda noti moja moja. Nikikaza shingo, alinigonga bega.

"Koo si ngoma, binti. Usiipige. Pumzi ndiyo inafanya kazi."

Wiki moja kabla ya Pasaka askari wa waasi walileta amri: mkubwa wao anashuka kwa ndege Beni, kwaya zote ziende kumpokea. Walitupakia kwenye lori. Tangu asubuhi mpaka saa tisa tulisimama kando ya uwanja wa ndege, juani, bila maji, tukimsifu mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Ndege haikuja. Tukishusha sauti, askari alipita na fimbo akifoka kwa Kilingala, "Boyemba makasi!" Tuimbe kwa nguvu.

Kufika saa saba koo lilikuwa linawaka. Nilimsogelea mwalimu.

"Maître, koo inaniuma. Acha nifungue kinywa tu, bila sauti."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama ile fimbo.

"Unataka batupige sababu yako? Paza!"

Nikapaza. Nilipiga kelele mpaka nikasikia ladha ya damu.

Siku ya Pasaka, nilipofika noti ya juu, sauti ilipasuka. Kanisa zima lilisikia. Kwenye mazoezi yaliyofuata Maître aliwaambia wote, "Munaona? Huyu hakufanyaka mazoezi. Donc sauti imekufa."

Nilisimama.

"Mazoezi nilifanya, na unajua. Sauti ilikufia Beni. Yule askari hakujua koo ni kitu gani. Mais weye ulijua, na ni weye ulisema nipaze."

"Toka inje!"

Nilitoka. Hakuna aliyenifuata. Hata rafiki yangu, aliyekuwa amesimama bega kwa bega nami uwanjani, aliinamia daftari lake kana kwamba hajasikia neno. Niliwachukia wote.

Nyumbani mama aliniambia, "Kaombe pardon. Ule ni mukubwa."

"Mama, pardon ya nini?"

Siku ya pili mama alichukua kuku wetu mmoja, akampelekea Maître kwa siri ili anisamehe. Nilipojua, nililia kwa hasira kuliko nilivyolia siku ya Pasaka. Kumbe kosa lilikuwa limekuwa langu, na kuku alikuwa amelithibitisha.

Baada ya mwaka mmoja nilirudi kwayani, kwa sababu kukaa bila kuimba kulinishinda. Maître aliniweka kwenye alto, sauti ya chini, akanipa karatasi ya nyimbo, akaendelea na mazoezi. Neno la Beni hakulitaja kamwe. Noti za juu hazikurudi. Mimi bado sijamsamehe.