Misuko ya Likizo

Mwezi wa saba huwa sina Jumamosi. Shule zinafungwa, watu wanasafiri, na kila anayesafiri anataka kusukwa, kwa sababu hakuna anayependa kuhangaika na chanuo akiwa ufukweni. Siku za kazi nafanya usafi kwenye karakana moja kule Tyseley. Jumamosi nasuka sebuleni kwangu, Small Heath, mteja amekaa sakafuni juu ya mto, kichwa kikiwa katikati ya magoti yangu. Nimeifanya kazi hiyo tangu nilipofika Birmingham kutoka Uvira, kwa kupitia Nairobi, na sijawahi kubandika tangazo hata moja.

Sifa yangu ilikuwa kukaza. Msuko wangu ulikaa wiki nane bila kutikisika. Ungeoga nao, ungeogelea nao. Wateja walilalamika, ndiyo. Mkongo mwenzangu angesema, "Mama, inauma, doucement, polepole kidogo." Mkenya angesema, "Auntie, macho haifungi!" Nami ningecheka, nimwambie ameze dawa ya kichwa alale, kesho itaachia. Malalamiko niliyachukulia kuwa sehemu ya kazi, na walioondoka wakinung'unika walirudi wakiwa na dada zao.

Binti yangu alipomaliza mitihani ya sekondari aliomba zawadi moja tu: Thailand. Alikuwa ameiona kwenye simu. Amezaliwa hapa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza, na sisi wawili tumeshazoea kuongea hivyo. Siku mbili kabla ya safari nilimsuka misuko midogo midogo. Kwa kuwa ni mwanangu, na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda kwenye chumvi na jua, nilimkazia kuliko ninavyowakazia watu wa nje. Alikaa katikati ya magoti yangu kwa muda wa saa tano na hakusema neno. Nilimsifu kwa uvumilivu wake.

Joto la Thailand lilitupokea mlangoni mwa uwanja wa ndege, blauzi ikaloa kabla hatujapata teksi. Siku ya kwanza binti yangu alinunua kofia ya kitambaa, na tangu hapo hakuivua, hata mezani. Siku ya tatu aliamka kope zimevimba. Alisema ni mbu. Nikakubali kwamba ni mbu, maana mbu walikuwepo wa kutosha.

Siku ya nne tulipanda boti kwenda kisiwani, mchana, na watalii wa Kizungu waliokwisha kuiva wekundu. Benchi la mbele yetu alikaa mama mmoja Mwafrika, kama miaka sitini hivi, amejifunga kilemba. Upepo ukakishusha kile kilemba mabegani. Kuanzia kwenye paji mpaka juu ya masikio kichwa kilikuwa laini kabisa. Nywele zilianzia katikati. Hapo nikafanya kosa tunalolifanya sisi Waswahili wa ughaibuni tukiwa mbali na watu wetu. Nilisema kwa sauti, nikiamini hakuna wa kunielewa. Kwenye basi la Coventry Road, kwetu Birmingham, nisingethubutu, maana kule hata dereva anaweza kukujibu.

"Ona ule mama," nilimwambia binti yangu. "Nywele zote zimeisha mbele. Mwenye alimusukaka, bangemufunga."

Yule mama akageuka taratibu.

"Hawakumfunga," alisema, kwa Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka. "Ni mama yangu. Ameshafariki, Mungu amrehemu."

Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi yenyewe ilikuwa mbali. Shikamoo, ambayo kwetu haipo, nilijifunza Nairobi. Siku hiyo niliitoa haraka kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Shikamoo, mama. Unisamehe sana. Sikujua kama unasikiaka Kiswahili."

"Marahaba. Yamekwisha, mdogo wangu." Alicheka, kicheko cha kweli, nami nikazidi kuona vibaya. Alituambia ni muuguzi mstaafu, amekuja kumtembelea mwanawe anayefundisha Bangkok. Halafu akamtazama binti yangu. "Na wewe, mwanangu, joto lote hili kofia ya nini? Hebu vua nikuone."

Nilidhani atakataa. Akaivua.

Kwa siku nne sikuwa nimekiona kichwa cha mtoto wangu. Kwenye mstari wa paji palikuwa na vipele, kila kimoja na usaha wake mweupe, kimoja kwa kila msuko. Upande wa kushoto, kwenye panja, palikuwa na upara wenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, unang'aa. Misuko miwili haikuwepo. Baadaye niliikuta kwenye mfuko wa begi lake, ameifunga kwenye karatasi laini.

"Nani amekusuka?" yule mama aliuliza.

Binti yangu aliniangalia, kisha akamwangalia yeye. "Some lady," alisema. "Back in Birmingham."

Mama fulani, huko Birmingham.

Yule mama akanigeukia, mzazi kwa mzazi. "Basi mkirudi umwambie huyo mama, msuko hauvutwi mpaka ngozi ikunjike. Mtoto anayekuja kwenye jua anasukwa mikubwa, iliyolegea, na vinywele vya mbele vinaachwa. Akitoka baharini kichwa kioshwe kwa maji baridi, apakwe mafuta kidogo, alale na kitambaa cha hariri. Na mtu akisema inauma, mikono isimame."

"Nitamwambia," nilisema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema ni mimi. Jibu ni rahisi na halipendezi: niliona aibu, na uongo nilikuwa nimeshaletewa tayari. Mtoto wa miaka kumi na sita, kichwa kinamtoka usaha, alikuwa ameona kwamba anayehitaji kufichwa ni mimi.

Alasiri hiyo hiyo tulikaa kwenye baraza la nyumba ya wageni nikaanza kuifumua, msuko mmoja mmoja, kwa ncha ya chanuo. Mwenye nyumba, bibi wa Kithai ambaye hatukuwa na lugha moja, alisimama akatazama. Akaondoka, akarudi na ndimu zenye maganda yaliyokunjamana. Akazichoma juu ya mkaa mpaka zikalainika, akazikamulia ndani ya beseni la maji, akanionyesha kwa ishara kwamba ni za nywele, zisifike kwenye vidonda. Halafu akanisogeza pembeni, akaosha mwenyewe. Alitumia ncha za vidole tu, na hakuwa na haraka. Binti yangu alilala akiwa amekaa, mdomo wazi. Nimesuka vichwa vingi mno, na sijawahi kumfanya mtu alale kwa kumgusa kichwa.

Tuliporudi Birmingham, daktari aliangalia vile vipele akasema vitapona, na vilipona. Kuhusu panja alisema tusubiri miezi sita. Kama mzizi umekufa, nywele hazitarudi. Sasa ni Desemba, miezi sita inakaribia kutimia, na pale bado pananing'alia. Asubuhi binti yangu analaza nywele za juu zipafunike kabla ya kwenda chuoni, na analifanya hilo bila kioo.

Wateja nimewaambia ni mimi niliyemsuka. Nasuka mikubwa sasa, na nywele za mbele naziacha. Wengine wameondoka, wapo wanaosema nimezeeka, mikono imelegea, na wamempata dada mmoja Hockley anayekaza kama nilivyokuwa nikikaza. Siwalaumu. Nilichowafundisha mwenyewe kupenda ndicho wanachokifuata.

Juzi, jikoni, nilikuwa nampaka mafuta ya nazi pale penye upara, naye amekaa kwenye kiti, si sakafuni. Nikamuuliza kitu nilichokuwa nakiogopa tangu kwenye boti. Kwa nini alidanganya sikuuliza, hilo nilikuwa nalijua. Nilimuuliza kwa nini, muda wote ule wa saa tano, hakuniambia kwamba inauma.

Hakukasirika. Alijibu kwa Kiingereza chake, ambacho hapa nakitafsiri, macho kwenye simu, bila hata kupandisha sauti.

"Mum, wateja wako wanakwambia kila Jumamosi. Tangu nikiwa mdogo nakusikia unavyocheka."