Nyasi za Mama

Mama alikuwa na ng'ombe watatu na kipande cha nyasi, na kama angelazimishwa kuchagua, angewaacha ng'ombe. Kipande chenyewe kilikuwa kama uwanja wa mpira wa shule ninayofundisha, mgongoni mwa kilima nyuma ya nyumba yetu, huku chini Mbeere. Alikizungushia matawi ya miiba kabla sijajua kusoma, na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuingia mpaka nyasi zikomae na kutoa mbegu. Kila mwaka, mvua ikikaribia, alizikusanya mbegu hizo kwenye kiondo na kwenda kuzimwaga popote kilima kilipoota kipara. Watu walisema kilima chetu kina bahati. Bahati hiyo ilikuwa mama na kiondo chake.

Mvua ilipokosa msimu wa kwanza tulinung'unika. Ya pili ilipokosa tuliomba kanisani. Kufikia ya nne tuliona hata haya kuomba. Kilima kiligeuka kijivu, kisha chekundu. Mashina ya nyasi yaliliwa hadi yakabaki kama brashi iliyochakaa, mchwa wakamaliza yaliyosalia, na upepo ukaanza kubeba udongo wenyewe. Ni ndani ya uzio wa mama tu nyasi zilibaki zimesimama, kavu, zisizo na rangi. Siku moja alichimbua shina kwa kidole akanionyesha chini yake. Palikuwa bado na weupe.

"Hii haijakufa," alisema. "Inangoja."

Kisha dada yangu, aliyeolewa huko juu Kianjokoma, akamchukua akafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, akae kwake hadi apone. Siku ya kuondoka mama aliniachia neno moja tu: "Ng'ombe ikikufa, wacha ikufe. Hapa usifungue."

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nataka hilo lijulikane, maana linanikera hadi leo. Nimewachorea watoto mizizi ya nyasi ubaoni mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, nikawaeleza jinsi inavyoushika udongo, na aliyekosea nikampa sifuri bila huruma.

Wiki ya tatu, yule ng'ombe mzee alilala akashindwa kuinuka. Jirani yetu alikuja, tukapitisha mti chini ya tumbo lake tukamwinua. Kesho yake tukamwinua tena. Siku ya tatu jirani alifuta jasho, akautazama uzio.

"Mwalimu, majani iko pale na ng'ombe inakufa hapa. Hiyo ni akili?"

"Mama alikataa."

"Mama yako haoni vile huyu anakuangalia."

Na kweli ng'ombe alikuwa ananiangalia. Nikaenda nikaburuta matawi kando.

Nilijiambia ni kwa nusu siku tu. Lakini ng'ombe hawakula zile nyasi, walizing'oa. Udongo ulikuwa vumbi tupu, kwa hivyo kila walipovuta, shina lilikuja zima na mizizi yake, wakalitafuna pamoja na mchanga. Niliona. Mimi, mwalimu wa mizizi, niliona na nikasimama pale pale, kwa sababu sauti ya kutafuna ilinifurahisha. Sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Kesho yake mbuzi wa jirani waliingia pia, na ningemfukuzia kwa mdomo gani mtu aliyeniinulia ng'ombe siku tatu? Kufikia siku ya tano ndani ya uzio mlikuwa na kinyesi tu.

Kila jioni mama alipiga simu, na hakuanza kwa kuuliza ng'ombe.

"Majani yangu iko?"

"Iko, mama."

Nilimjibu hivyo hata ile jioni tuliyomburuta ng'ombe wa mwisho hadi korongoni.

Mvua ilikuja hatimaye, tena kwa hasira. Ilipiga ardhi iliyokauka kama sakafu, ikateremka nyekundu hadi korongoni na kutuachia tope juu juu. Hata hivyo, baada ya wiki mbili kilima kilikuwa kijani, na kanisani watu waliimba hadi sauti zikawakauka. Mimi nilipanda kwenda kuangalia. Ilikuwa mbigili, na gugu moja lenye harufu kali ambalo hata mbuzi walilipita. Nilitambaa kwa magoti ndani ya uzio nikitafuta, na sikupata hata unyasi mmoja. Nililia pale, mtu mzima, na matope magotini.

Mama alirudi Jumamosi hiyo. Alishuka barabarani, akainua uso na kuziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ona vile kumekuwa kijani! Naona mpaka kule juu. Mungu hajatusahau."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Badala yake nilimbebea mfuko na kumfuata nyuma, naye akapanda kilima kwa haraka ya mtu anayekwenda kupokea mgeni. Aliinama, akachuma jani, akalinusa, akaliangusha. Akaenda hadi kwenye uzio, palipokuwa na pengo.

"Nani alifungua?"

"Ni mimi."

"Ng'ombe ilipona?"

"Hapana, mama. Zote zilikufa."

Aliitikia kwa kichwa. Nilitamani anitukane, anipige hata, kama alivyonipiga utotoni. Aliangalia ndani kwa muda mrefu kwa yale macho yake mapya, kisha akashika tawi la miiba nililolitupa kando na kulirudisha kwenye pengo, halafu lingine, akiufungia udongo usio na nyasi. Nikaokota moja nimsaidie.

"Wewe wacha," alisema, bila hasira yoyote.

Nikaliweka chini, nikabaki nje.