Somo Yangu na Ukuta wa Uchochoroni

Usiku ule nililala mapema, kwa sababu fundi Rajabu alikuwa ameniahidi kufika alfajiri. Saruji ilikwisha letwa, imefunikwa turubai kibarazani, na matofali yamepangwa kando ya uchochoro. Mvua ilikuwa bado, lakini joto lilikuwa la kubana kifua, lile ambalo sisi wa bondeni tumejifunza kuliogopa.

Nieleze kidogo kwa asiyepajua kwetu. Tunaishi Dar es Salaam, chini kabisa, karibu na mto. Zamani masika ilikuja kwa hatua: manyunyu, kisha mvua, kisha mapumziko, ardhi ikapata nafasi ya kunywa. Siku hizi mbingu hukaa kimya karibu msimu mzima, halafu hujimwaga yote asubuhi moja. Na huko juu yetu, palipokuwa na kinamasi cha mikindu, pamejazwa kifusi pakawa yadi ya malori. Wenye yadi hawaishi huku. Maji yaliyokuwa yakipumzika kule kinamasini sasa yanashuka moja kwa moja mpaka vyumbani mwetu.

Kila mwenye nyumba akafanya alichoweza. Huyu akainua kizingiti, yule akajenga ukuta. Lakini maji hayapotei kwa kuzuiwa. Ukiyazuia kwako yanakwenda kwa jirani, na jirani akijenga yanakwenda kwa anayemfuata. Mwishowe ikabaki njia moja tu ya kushukia mtoni, uchochoro ulio kati ya nyumba yangu na ya Mama Kulwa. Uchochoro ukijaa tulikuwa tunagawana, nusu kwangu, nusu kwake. Nikijenga ukuta upande wangu, yote ni yake. Yeye anajua hivyo, nami najua.

Jioni ile alipita na ndoo ya maji, akasimama mbele ya matofali.

"Mzaramo," aliniita, maana yeye ni Msukuma na sisi ni watani, "hili ni gereza au ikulu?"

"Najenga nipate usingizi."

"Lala, lala. Mimi na mapacha tutakuwa tunaogelea. Tukipita dirishani kwako tutakusalimia."

Alicheka, nami nikacheka. Ila hakukaa kuzungumza kama kawaida yake, na aliponyanyua ile ndoo hakuniomba nimtwishe. Nikaingia ndani nikajilaza.

Mara nimekaa juu ya mkeka.

Kilikuwa chumba cha ndani, nyumbani kwa bibi, chumba nilichowekwa nilipovunja ungo. Kwa mila yetu mwali hukaa ndani, haonekani na watu, hanyanyui uso, na hasemi ila na somo yake, yaani mwanamke anayemfunda. Nilikuwa msichana tena, lakini mikono ilikuwa hii hii ya sasa, ya mshona nguo, yenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Somo yangu, Bi Kidawa, akaingia. Nilijua kwamba amekufa, nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Sikushtuka. Niliona tu kwamba pindo la khanga yake linachuruzika maji.

Akaketi nyuma yangu, akaanza kunipaka mafuta mgongoni kama alivyokuwa akifanya siku zile. Viganja vyake ni vya baridi. Nje ngoma inalia, nasikia vigelegele, na ninafahamu kwamba leo ndiyo siku yangu ya kutolewa. Siku hiyo wanawake huingia, humbeba mwali mabegani, humtoa uani aone jua na watu wamwone. Nainamisha uso nikingoja mlango ufunguliwe.

Mlango haupo. Pale ulipokuwa pana ukuta wa saruji mbichi, na juu yake alama za mwiko wa fundi Rajabu. Ngoma inazunguka nyumba. Inafika upande wa mbele, inakwenda nyuma, inarudi, kama watu wanaotafuta pa kuingilia. Nataka kuwaita, lakini mwali hapazi sauti, na ulimi wangu umekaa mdomoni kama kitambaa kilicholowa.

Kisha sakafu inaanza kutoa maji. Hayaji kutoka nje. Yanapanda kutoka chini, polepole, kama jasho, na kwa kuwa ukuta hauna tundu, yanakaa humu humu nami. Mkeka unaelea. Maji yananifika magotini, nami bado nimeketi kwa adabu, kwa sababu hakuna aliyeniambia niinuke.

Upande wa pili wa ukuta mtu anagonga.

"Jirani, upo?"

Ni Mama Kulwa. Namgeukia Bi Kidawa anijibie, maana somo ndiye mdomo wa mwali mbele za watu. Yeye anaendelea kunipaka mafuta, na mafuta yanaelea juu ya maji.

"Mama," nasikia sauti ndogo, ya Doto, pacha wa Kulwa, "jirani ameshahama?"

"Hajahama, mwanangu. Amejifungia."

Hapo Bi Kidawa anaacha kunipaka. Ananishika mkono, na mara tuko kinamasini, kule juu, kama palivyokuwa nilipokuwa mdogo. Mikindu imesimama ndani ya maji yaliyotulia. Wanawake wamefunga khanga kiunoni, wanakata ukindu na kuufunga matita. Mkeka wa mwali kwetu ulisukwa kwa ukindu wa hapa, na somo mwenyewe alikuja kuukata, ajue mwali wake atakalia nini. Mvua inanyesha, tena kubwa, lakini nikitazama chini naona maji hayakimbii. Yanaingia katikati ya mizizi yanatulia, kama wageni waliokaribishwa. Natamani kubaki pale. Nafikiri, hapa ndipo nilipotolewa, nimeshatoka.

Lori linarudi kinyumenyume nyuma yetu. Halina dereva. Linamwaga kifusi, matofali yaliyovunjika, vigae, nondo zilizopinda, na kila likimwaga kinamasi kinapungua mpaka tunasimama mimi na Bi Kidawa peke yetu kwenye shimo la ukubwa wa chumba. Natazama vizuri. Ni kile chumba. Kifusi kimenishika miguu, maji yamefika kifuani, dari iko karibu na kichwa. Nasukuma ukuta. Saruji ni mbichi, inapokea alama za viganja vyangu, lakini haisogei.

Sasa ndipo somo yangu anaposema.

"Mwali hutolewa. Hajitoi."

Nalia bila sauti. Ngoma imesimama mahali pamoja, upande ule ule wa ukuta aliko Mama Kulwa, nami naelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaipiga tangu mwanzo, yeye na wanawake wa mtaa mzima. Ndio waliokuja kunibeba.

"Watapitia wapi," anasema Bi Kidawa, "na wewe umeziba?"

Anaanza kuondoka. Sijui anapitia wapi, maana hapana mlango, lakini anapungua, khanga kwanza, kisha mabega. Namshika. Mkononi mwangu unabaki utelezi wa mafuta tu. Sauti yake ya mwisho inatoka mbali, kutoka juu, upande wa yadi.

"Maji haya si ya jirani yako, wala si yako. Njooni wote myafungulie huku."

Nikaamka kiganja changu kimeushikilia ukuta wa chumba. Ulikuwa mkavu. Nilikaa kitandani hadi niliposikia sauti nje.

"Hodi, dada. Tuanze kabla jua halijawa kali?"

Nilijifunga khanga nikatoka. Fundi Rajabu alikuwa amekwisha toa turubai na kupima kamba kutoka pembe hadi pembe. Kulikuwa na wingu upande wa kusini.

"Usijenge," nikamwambia. "Iweke saruji ndani, isilowe. Tukipata kufungua njia kule juu, tutahitaji kujengea kingo za mfereji."

"Na wingu lile likishuka leo?"

"Maji yataingia kwangu. Nitayakausha."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, lakini akaanza kukunja kamba.

Nilivuka uchochoro. Mama Kulwa alikuwa anawasha jiko, anapepea kwa mfuniko. Kwetu ndoto ya marehemu hailaliwi, ikija na maneno unayapeleka kwa mhusika kabla hujanywa chai. Nikachuchumaa karibu yake nikamsimulia yote, chumba, ukuta, ngoma, na alivyoniita nisimjibu. Nikamwambia pia nilichokuwa nakijua siku zote na sijawahi kukisema kwa sauti, kwamba tumekuwa tukijengeana kuta sisi kwa sisi, huku aliyetuletea maji analala pakavu. Kwamba mmoja wetu akienda yadi kulalamika atafukuzwa getini, lakini mtaa mzima ukisimama pale, na mjumbe wetu mbele, itabidi mtu atoke atusikilize. Na tukifukuzwa leo tutarudi kesho, wengi zaidi.

Mama Kulwa aliacha kupepea.

"Huyo somo yako alisema wote, au alisema Wazaramo?"

"Alisema wote."

"Mapacha pia?"

"Doto ndiye aliyeuliza kama nimehama."

Mama Kulwa akaepua sufuria, akamwagia jiko maji, akasimama.

"Ngoja basi niwavishe viatu," alisema. "Kwenye kifusi kile kuna misumari."